Ulimi na Kadi: Bibi Titi Mohamed na Wale Waliomwandika

Katika mwaka 1958 jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki lilichapisha wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwanamke Mwislamu wa Unguja, asiyepata elimu ya shule, aliyeinuka kwa sauti yake na akili yake, alipata heshima ambayo wanaume wengi wenye vyeo hawakuipata: maisha yake yaliandikwa kwa lugha ile ile aliyoiimbia, na mwandishi aliyeijua thamani ya lugha hiyo. Mwaka huo huo, mjini Dar es Salaam, alikuwapo mwanamke mwingine Mwislamu aliyeinuka kwa sauti, lakini yeye aliitumia kuing'oa serikali ya kikoloni. Huyo ni Bibi Titi Mohamed. Mengi yameandikwa juu yake tangu siku zile, na sehemu kubwa ya yale yanayotegemewa na wanachuoni imeandikwa kwa Kiingereza. Swali la makala haya ni moja: je, waandishi hao wameitambua kazi yake kuwa kazi ya siasa, au wameisifu sauti na kuiacha siasa iliyokuwa ndani yake?

Habari za maisha yake zajulikana, na yatosha kuzitaja kwa ufupi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika jamaa ya Waislamu wa mji. Alisoma madarasa machache ya shule ya wasichana, akaolewa angali kijana, akawa mwimbishaji wa chama cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 hakikuwa na sehemu ya wanawake. Katikati ya mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa Chama cha Leba cha Uingereza, alifika Dar es Salaam, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Viongozi hawakuwa na jawabu la kumwonyesha. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa siasa za mji, alikwenda nyumbani kwa Bibi Titi akazungumza na mumewe, Boi Selemani; na hivyo Bibi Titi akaingizwa katika kazi ile, akawa kiongozi wa wanawake pamoja na Tatu binti Mzee. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Oscar Kambona, mwandishi mwenezi wa TANU, aliwaandikia marafiki wa chama huko London kwamba kwa muda wa miezi mitatu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Hesabu hiyo ya 5,000 ndiyo jiwe ambalo kila mwandishi hana budi kujikwaa nalo. Chama kilichokuwa na makarani, walimu na wafanya biashara, watu wenye mashini ya kupigia chapa na ujuzi wa kuandika barua kwa serikali, hakikuweza kwa mwaka mzima kuwapata wanawake. Mwanamke mwenye elimu ndogo ya shule aliwapata kwa miezi mitatu. Jambo kama hili lataka maelezo, na maelezo yaliyotolewa yaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wanaoitazama siasa ya Tanganyika kuwa mti uliopandwa na wasomi. Kwa mujibu wao shina ni Chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoanzishwa mwaka 1929 na watumishi wa serikali wa Dar es Salaam. Mti ukakua kwa elimu ya shule, ukazaa TANU, na mwisho matawi yakawafikia wanawake. Kazi kubwa ya John Iliffe juu ya historia ya Tanganyika, iliyotoka mwaka 1979, ina utajiri wa habari kuliko fumbo hili la mti, na haimstahilii mtu kuidharau. Lakini mwendo wa hoja katika sura zake za siasa wafuata njia ya chama kutoka kizazi hadi kizazi cha wasomi. Katika hadithi ya namna hiyo Bibi Titi hana mahali pengine ila mahali pa tarumbeta: aliwaita watu, watu wakaja, kisha wenye maneno wakasema.

Fungu la pili ni la Mohamed Said, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes kilitoka mwaka 1998. Mwandishi huyu amefanya jambo la haki. Amewarudisha katika historia wazee wa Kariakoo na Gerezani, ukoo wa Sykes na ukoo wa Plantan, masheikh na wafanya biashara, watu ambao walikuwa na siasa katika baraza za nyumba zao kabla Julius Nyerere hajaacha ualimu wa Pugu mwaka 1955. Kwa kitabu hiki msomaji aweza kuelewa kwa nini Schneider Plantan alijua aende mlango gani. Lakini kipimo cha kitabu ni maisha ya mwanamume mmoja, na swali lake ni swali la jamii ya Waislamu: nani alitangulia, na nani akasahauliwa? Hilo ni swali zito. Hata hivyo halijibu jinsi Bibi Titi alivyofanya kazi. Kumweka mtu katika orodha ya waliosahauliwa ni kumrudishia jina. Si kumrudishia ufundi wake.

Fungu la tatu, na lenye nguvu kuliko yote, ni la Susan Geiger. Kitabu chake juu ya wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997, kimejengwa juu ya masimulizi ya wanawake wenyewe, na simulizi la Bibi Titi ndilo nguzo yake. Hoja ya Geiger yaupindua ule mti wa wasomi. Asema kwamba wanawake wa mji hawakufundishwa uzalendo na wanaume wa chama. Walikuwa nao tayari katika maisha yao, kwa kuwa vyama vyao vya ngoma vilichanganya makabila, vilitumia Kiswahili, na viliwazoeza watu kuhesabiana kwa matendo wala si kwa asili. TANU haikuwapelekea umoja, iliukuta. Hoja hii imekubaliwa na wengi, na yastahili kukubaliwa. Upungufu wake hauko katika hoja yenyewe bali katika lugha iliyoichukua.

Na litazamwe neno moja tu, neno chama. Katika Kiswahili cha pwani kuna chama cha ngoma, chama cha kufa na kuzikana, na chama cha siasa. Vyote vina kiingilio na ada, vina mwenyekiti na mshika fedha, vina wanachama wanaowajibika kuhudhuria wakiitwa na kutozwa faini wasipohudhuria. Kiingereza hakina neno moja linalovikusanya vyote vitatu. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuvigawa: hiki cha siasa apewe jina moja, kile cha ngoma jingine, na cha mazishi la tatu. Akisha kuvigawa kwa majina, huanza kustaajabu jinsi wanawake walivyovuka kutoka kimoja kwenda kingine, akatafuta daraja. Lakini mwanamke wa Kariakoo aliyeambiwa mwaka 1955 kwamba kuna chama, kina kadi, kina ada, na mwenyekiti wake ni Bibi Titi wa Bomba, hakuvuka daraja lolote. Aliambiwa neno alilolijua, na mtu aliyemjua.

Haifai kuikaza hoja hii kupita kiasi. Neno moja kubeba maana tatu hakuthibitishi kwamba mambo matatu ni jambo moja. Chama cha ngoma hushindana na chama jirani. Chama cha siasa hushindana na dola. Faini ya lelemama haimpeleki mtu gerezani. Walakini ushahidi haukomei kwenye neno. Bibi Titi hakwenda kwa wanawake mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake. Huo si uwezo wa sauti. Huo ni ujuzi wa mtu anayejua mji umefungwa kwa kamba zipi, na kamba ipi ikivutwa nyumba ngapi zitasogea.

Lelemama yenyewe ilikuwa shule ya ujuzi huo. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyokuwa na vyeo vilivyopatikana kwa kufanya karamu, na jinsi mashindano yao yalivyowapa wanawake utawala wao wenyewe katika mji ambamo mambo ya hadharani yalikuwa ya wanaume. Ngoma yenyewe ni ya utulivu: wanawake hupanga safu, mikono na vichwa huenda kwa kipimo, mwimbishaji hutoa na kundi hupokea. Nguvu yake imo katika maneno. Mwimbishaji hana budi kutunga papo hapo, kumjua kila anayesikiliza, kurusha kijembe kikafika kilikokusudiwa bila ya jina kutajwa, na kuwafanya watu wapokee kwa pamoja. Atakayeyatazama haya kwa makini ataona kwamba ni sifa zile zile atakiwazo kuwa nazo msemaji wa mkutano wa siasa chini ya serikali ya wageni.

Hili la mwisho lina uzito wake. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa na kutiwa hatiani kwa sababu ya maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa serikali. Maandishi yana mwenyewe, yana tarehe, na hakimu huweza kuyashika mkononi. Fumbo lililoimbwa arusini au penye ngoma lina wenyewe mia, na maana yake imo masikioni mwa wasikiao. Wakoloni walikuwa na sheria za magazeti na vibali vya mikutano. Hawakuwa na sheria ya kuhukumu itikio. Kwa hiyo ufundi ambao waandishi wengi huutaja kama pambo la mikutano ya TANU ulikuwa, kwa upande mmoja, ngao yake.

Kuna neno jingine linalotaka kuangaliwa, nalo ni uhuru. Katika vitabu vya Kiingereza neno hili hufasiriwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na siasa ya miaka ya hamsini. Asili yake ni Kiarabu, na katika pwani lilikuwa na maisha marefu kabla ya TANU: uhuru ulikuwa hali ya mtu asiyekuwa mtumwa, au aliyeachwa huru na bwana wake. Katika Tanganyika hali ya utumwa ilifutwa katika sheria mwaka 1922, miaka minne tu kabla ya kuzaliwa kwa Bibi Titi. Wanawake watu wazima waliohudhuria mikutano yake mwaka 1955 walikuwa na mama na bibi waliozikumbuka siku za waungwana na watumwa, na pengine wao wenyewe walikuwa wamewahi kutukanwa kwa asili yao. Kwao uhuru haukuwa jina la katiba. Ulikuwa neno la nyumbani, lenye aibu na heshima ndani yake. Mwenye kulitamka mbele yao hakuhitaji kulieleza; alihitaji kujua uzito wake. Kulifasiri kwa neno la Kiingereza la wanasheria ni kuliondolea nusu ya nguvu, na ni kumfanya msemaji aonekane amekariri neno la wengine, hali yeye ndiye aliyelirithi.

Hapo ndipo lawama juu ya kitabu cha Geiger inapopata mahali pake. Masimulizi yalitolewa kwa Kiswahili katika miaka ya themanini na mwenye kuyatoa alikuwa fundi wa lugha hiyo. Yakachapwa kwa Kiingereza. Msomaji apata mambo aliyoyasema Bibi Titi lakini hapati jinsi alivyoyasema. Hajui alipotumia methali na alipoiacha, alipojiita sisi na alipojiita mimi, alipobadili kutoka masimulizi hadi hotuba. Kwa mtu mwingine hasara hii ingekuwa ndogo. Kwa mtu ambaye siasa yake yote ilikuwa katika namna ya kusema, ni sawa na kuandika habari za mchongaji bila ya kuonyesha hata mlango mmoja alioutia nakshi. Wala dawa yake si kuyarudisha Kiswahili maneno ya Kiingereza. Kiswahili kilichorudishwa kutoka Kiingereza huwa ni Kiswahili cha mfasiri.

Kosa hili si la Geiger peke yake, na ni la zamani kuliko yeye. Katika Kiingereza cha siku za mapambano Bibi Titi alihesabiwa kuwa mtu aliyesoma nusu, kwa kuwa lugha aliyoisoma ilikuwa Kiswahili. Yafaa kutua hapa. Nchi ambayo lugha yake ya mikutano, masoko, mahakama za chini na magazeti kama Zuhra na Mwafrika ilikuwa Kiswahili, ilimwita aijuaye lugha hiyo kwa ukamilifu nusu-msomi. Kipimo hicho kilikuwa cha wakoloni, lakini wapinzani wa wakoloni nao walikishika walipoandika London, kwa sababu barua iliyokwenda London ilibidi ipimwe kwa mizani ya London.

Mizani hiyo hiyo ilitumika katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa kutimiza masharti ya mapato, elimu au cheo, na alilazimika kumpigia kura mgombea mmoja wa kila rangi: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, iliamua baada ya mabishano makali kuingia katika uchaguzi huo licha ya masharti yake. Uamuzi ule ulileta ushindi. Lakini ulikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo ililipwa na wale wanawake wa kadi: waliokijaza chama, wengi wao hawakuwa na sifa za kukipigia kura. Katika siasa ya mizani ile, kadi ya TANU haikuwa kitu, na ulimi haukuwa kitu. Shahada ya shule na hesabu ya mshahara ndivyo vilivyokuwa vitu.

Ulinganisho mmoja waonyesha jambo hili wazi. Sophia Mustafa alikuwa naye mwanamke Mwislamu, wa jamaa ya Kiasia, mkazi wa Arusha, na mfuasi wa Nyerere. Kwa uchaguzi wa 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1961 alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya safari ya Tanganyika kuelekea uhuru. Hakuna sababu ya kumdharau. Aliuchukua upande uliokuwa mgumu katika jamii yake. Lakini mtafiti atakayeingia maktaba leo atamkuta Sophia Mustafa rafuni akisema kwa maneno yake mwenyewe, na atamkuta Bibi Titi akisemewa. Wote wawili walikuwa Waislamu na wote wawili wanawake. Kilichowatenga katika maktaba ni lugha.

Juu ya dini yenyewe waandishi huelekea kukosea kwa njia mbili. Wengine huutaja Uislamu wa Bibi Titi kama kizuizi alichokiruka: mwanamke wa buibui aliyesimama mbele ya wanaume. Wengine huutaja kama bendera. Habari zenyewe haziungi mkono upande wowote kwa ukamilifu. Ni kweli kwamba alipatikana kwa njia ya mumewe, kama desturi ilivyotaka, na kwamba kusafiri kwake mikoani na viongozi wanaume kulikuwa jambo jipya lililohitaji moyo. Lakini ni kweli vile vile kwamba mpango wa maisha uliowatenga wanawake na wanaume ndio uliozaa vyama vya wanawake vyenye uongozi wao, hazina yao na lugha yao. Ukuta uliowazuia kutoka uliwapa pia uwanja wa ndani. TANU ilipogonga mlango, ilikuta wenye nyumba wamekwisha kujipanga.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 mambo yalikwenda kwa namna nyingine, na huko yafaa kupita upesi kwa kuwa si kiini cha hoja hii. Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioundwa mwaka 1962, akawa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi. Mwaka 1967 alijitoa katika uongozi wa TANU asikubaliane na masharti ya Azimio la Arusha juu ya nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Alifariki Johannesburg mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Kwa miaka mingi kati ya hukumu ile na barabara ile jina lake halikutajwa sana. Hapo pana funzo kwa wanaochunguza lugha. Mtu aliyeacha maandishi huweza kunyamazishwa, na maandishi yakabaki. Mtu aliyeacha sauti katika masikio ya watu akinyamazishwa, kila mwaka masikio hupungua.

Kwa sababu hiyo sifa peke yake hazimlipi deni lake. Amekwisha kuitwa shujaa, na ushujaa ni jina zuri, lakini ni jina linalomaliza maswali. Kinachotakiwa ni kazi ya subira: masimulizi yake na ya wanawake wenzake yachapwe kwa Kiswahili kile kile yalivyotamkwa, pamoja na makosa ya ulimi, marudio na mafumbo yake, istilahi za vyama vya ngoma, kuanzia vyeo hadi faini, zikusanywe na kulinganishwa na istilahi za matawi ya TANU, na maneno kama chama, uhuru, kadi na mwanachama yafanyiwe historia kutokana na vinywa vya watumiaji kabla ya kutokana na kamusi. Shaaban Robert hakungoja Siti binti Saad aandikwe na wageni ndipo amrudishe nyumbani. Alianza kwa lugha ya Siti, akamaliza kwa lugha ya Siti. Wanachuoni wa Kiswahili wana mfano huo rafuni mwao tangu 1958, nao hawana udhuru wa kusema kwamba njia haijulikani.